Bima ya mtu wa tatu kwa aliyeumia barabarani Zanzibar: uzoefu wangu

Bima ya mtu wa tatu ni ile ya gari inayomlipa aliyeumizwa na gari hilo, si mwenye gari. Tathmini hii naiandika kwa upande wa anayedai: abiria wa daladala, mpita njia, aliyepakiwa nyuma ya bodaboda. Nimefuatilia madai ya jamaa, Unguja na Pemba, kwa kampuni zaidi ya moja, na sitaitaja hata moja kwa jina. Ninavyoona, bima hulipa, ila hulipa kile kilichoandikwa. Maumivu hayaingii kwenye faili mpaka yawe karatasi, na karatasi hizo zinatakiwa siku za mwanzo, ambapo mgonjwa hana hata nguvu ya kushika kalamu.

Mlango wa kuingilia ni PF3, fomu ya polisi ya matibabu ya majeruhi. Aliye taabani awahishwe hospitali kwanza, iwe Mnazi Mmoja au Abdalla Mzee kule Mkoani, na jamaa mmoja aende kituo cha polisi kuichukua fomu siku hiyo hiyo. Ina sehemu ya polisi na sehemu ya daktari, na hii ya daktari ndiyo bima inayoisoma kwa makini. Hapa wengi wanaumia mara ya pili. Daktari wa zamu anaandika kilichomleta mgonjwa, tuseme mguu uliovunjika. Bega lililoteguka halitajwi, kwa kuwa mguu umeyafunika maumivu mengine yote. Baadaye bega halinyanyuki, na bima inauliza: mbona halimo kwenye PF3? Mwambie daktari kila panapouma, hata padogo. Ukigundua jengine ukiwa nyumbani, rudi hospitali ile ile liandikwe kwenye faili lile lile. Fomu yenyewe polisi wanabaki nayo kama ushahidi, kwa hiyo kabla ya kuikabidhi hakikisha ina muhuri wa hospitali na tarehe, itoe kopi, uipige na picha ya simu.

Halafu majina. Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi kina majina yako kamili. Askari akaandika mawili tu, tena "Hamisi" badala ya "Khamis"; hospitali ikaandika jina la nyumbani; risiti ya dawa haina jina kabisa. Sisi tunaokujua tunaona mtu mmoja, ila mkaguzi wa madai anaona watu watatu, na faili linakaa pembeni mpaka ulete hati ya kiapo. Kitambulisho kitolewe kila dirisha, na kilichoandikwa kisomwe hapo hapo, kabla hujageuka.

Lakini madai mengi niliyoyaona yakifa yameuliwa na muhali. Dereva ni jirani, au kaoa kwenu, na jioni wazee wanapiga hodi: "Mwanangu, tuyamalize kinyumbani." Sulhu ni jema na siipingi. Ila bima ikiwa hai, anayelipa majeraha ni kampuni, si mfuko wa jirani, kwa hiyo kudai si kumdhulumu mtu. Karatasi ya kwa sheha inayosema "nimepokea laki tatu na sina madai mengine" ndiyo ya kwanza bima kuitoa mezani. Na dereva naye ana hatari yake: mikataba ya bima kwa kawaida inamkataza kukiri kosa au kuahidi malipo bila idhini ya kampuni. Akiandika kwamba atagharamia kila kitu, kampuni inaweza kuitumia karatasi hiyo kubisha. Wazee wakikaa, karatasi iseme tu kwamba jamaa wamesaidia matibabu kwa kiasi fulani, tarehe fulani, na kwamba madai ya bima yanaendelea.

Sehemu niliyoridhika nayo kabisa ni uhakiki. Mfumo wa mtandaoni wa TIRA MIS wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (TIRA) unakuonesha kwa namba ya gari kama bima ipo, ya kampuni gani na inaisha lini. Hifadhi picha ya skrini mapema. Kinachohesabiwa ni kama bima ilikuwa hai tarehe ya ajali. Mwenye gari kukata mpya kesho yake hakukusaidii kitu. Kwa bodaboda na gari ya abiria angalia na aina ya matumizi, kwani chombo kilichokatiwa bima ya binafsi huku kinapakia abiria wa nauli huzaa ubishi mrefu.

Usingoje mwenye gari ajaze fomu ya madai. Peleka barua yako mwenyewe kwa kampuni, yenye namba ya gari, tarehe, mahali pa ajali, kituo cha polisi na namba ya jalada, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Ahadi ya mdomo kaunta haimo kwenye faili. Polisi omba ripoti ya ajali, mchoro wa eneo na ripoti ya ukaguzi wa gari. Kesi ya dereva mahkamani ni ya jinai na fidia yako ni dai jengine, lakini ifuatilie: akikiri na kulipa faini asubuhi, kesi imekwisha na wewe huna habari, na nakala ya hukumu ile bima itaitaka.

Risiti za mashine hufutika wino kwa joto, basi zitolee kopi mapema. Mgonjwa akitolewa Pemba kuja Mnazi Mmoja, tiketi ya boti yenye jina lake ibanwe pamoja na barua ya rufaa. Ikiwa peke yake inasomeka kama safari ya kawaida. Kipato ndicho kinachodaiwa vibaya zaidi. Asiye na hati ya mshahara hujiandikia kiasi anachokijua mwenyewe na bima inakikata. Mkulima wa mwani aombe nakala ya daftari la mnunuzi, mvuvi aombe maandishi ya anayeuza samaki wake mnadani, mfanyabiashara atoe taarifa ya miamala ya simu ya miezi kadhaa kabla ya ajali.

Ninapoilaumu huduma hii ni kwenye dischaji, ile hati ya kusaini kabla ya kupokea hundi. Huletwa mapema, mgonjwa bado na plasta, deni la dawa linamkaba, na maneno yake ni kwamba malipo haya ni kamili na ya mwisho. Ukisaini, mguu ukija kuunga vibaya huna pa kurudi. Kwanza apone, kisha daktari aandike ripoti ya mwisho yenye asilimia ya ulemavu wa kudumu kama upo, ndipo mzungumze kiasi. Ikiwa shida ya fedha inabana, omba urejeshewe gharama za matibabu kwanza, na hati iseme waziwazi kuwa ni malipo ya sehemu.

Kampuni ikinyamaza, andika tena kwa barua, kisha lalamika TIRA, ofisi yao ya Zanzibar ipo. Muda wa kufungua dai mahkamani una ukomo, na sheria ya ukomo ya Zanzibar si ile ya Bara, kwa hiyo usichukue hesabu za ndugu wa Dar es Salaam. Waulize mapema Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar au msaidizi wa sheria wa karibu. Ukimpa wakili kazi, asilimia yake iandikwe kabla hujasaini hati ya uwakilishi, na humo humo iandikwe fedha zitaingia akaunti ya nani.