Uzoefu wangu na riwaya za Kiswahili: anza na Bwana Msa, Nagona isubiri

Anayenijua kwa ulevi wangu wa vitabu hakosi kuniuliza: "Nataka kurudi kusoma Kiswahili, nianze na kipi?" Wengi wakishauliza hujijibu wenyewe. Wanataja kitabu kizito chenye jina kubwa, wanakinunua, wanajikongoja hadi ukurasa wa ishirini, kisha kinahamia juu ya kabati kula vumbi. Jibu langu nimeshalijaribu kwa ndugu, majirani na wafanyakazi wenzangu, na linafanya kazi: anza na mpelelezi.

Nina maana ya Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla. Kilishika nafasi ya kwanza katika shindano la uandishi la 1957/58, kikachapishwa 1960, na bado kinakwenda mbio. Bwana Ali ameuawa, Inspekta Seif amekwama, na hapo anaingia Bwana Msa na kiko chake mdomoni, pembeni yake rafiki yake Najum. Ndiyo, anayemjua Sherlock Holmes ataona ujirani. Lakini hawa ni watu wa Unguja, na raha ya kitabu iko kwenye maongezi yao: mzaha, vijembe, mtu anazunguka mbuyu mpaka unasahau kwamba kuna maiti inasubiri kuelezwa. Kasoro ninayoiona ni mwishoni. Bwana Msa akianza kufafanua alivyogundua, anafafanua mpaka mhalifu mwenyewe angeomba apelekwe jela. Na bahati inambeba mno, kila anapogeuka anakuta kidokezo.

Kipimo changu cha riwaya ni daladala. Mimi hushukia Mtoni kwa Aziz Ali. Kitabu kikinipitiliza kituo, kimefaulu. Mzimu kilinifikisha Mbagala Rangi Tatu, konda ananiuliza kama nimelala.

Ukishamzoea Bwana Msa, ndipo nenda kwa Adam Shafi. Hapa huwa napingwa, kwa sababu watu wa Tanzania waliopita kidato cha tano na cha sita wanamkumbuka kama adha ya mtihani. Nakala yangu ya Vuta N'kuvute niliinunua kwa wauza vitabu vya barabarani kule Posta, na mwenye nayo wa zamani alikuwa mwanafunzi, hilo halina shaka. Pembezoni mwa kila ukurasa kuna penseli: "ndoa ya kulazimishwa", "usaliti", "nafasi ya mwanamke", "tamathali, sitiari", "dhamira ya 3". Yasmin, binti mdogo wa Kihindi aliyeozwa Bwana Raza, mwanamume wa kumzaa, ameshakatwa vipande kama nyanya za kachumbari. Ila kuna mahali katikati, pale mapenzi ya Yasmin na Denge yanapokolea huku makachero wa mkoloni wakimwinda Denge, penseli inanyamaza. Kurasa na kurasa hazina alama, kisha ghafla neno moja tu kwa herufi kubwa: "JAMANI!" Mtoto wa watu alikuwa amesahau mtihani, anasoma.

Ndiyo maana nasema isomeni tena mkiwa watu wazima, bila mwalimu wala maswali. Utamwona Mwajuma, shoga yake Yasmin, ambaye shuleni alikuwa "mhusika msaidizi". Kwangu mimi yeye ndiye roho ya kitabu. Siasa za Unguja ya miaka ya 1950 zinaingia kwa mlango wa nyuma, katikati ya taarabu, hofu na njaa ya pesa. Denge wakati mwingine anageuka mhadhiri, hilo nalikubali, na kurasa zake za hotuba huwa nazipitia haraka. Filamu aliyoiongoza Amil Shivji, iliyotoka 2021, ni nzuri kwa macho, lakini aliyeiona tu bado hajakutana na Mwajuma kisawasawa.

Kutoka hapo njia zinagawanyika. Ukipenda lugha yenyewe, Kiswahili cha visiwani kilichotulia, mchukue Mohamed Suleiman Mohamed: Kiu (1972) kwanza, halafu Nyota ya Rehema (1976). Kiu ni fupi, tamaa ya mapenzi na tamaa ya mali zinagombania binti mmoja, Bahati. Nyota ya Rehema ndiyo bora zaidi, lakini isome ukiwa na nafasi moyoni, maana haimwonei huruma msomaji. Utengano cha Said Ahmed Mohamed nakipenda kwa nusu yake ya kwanza. Wa Kenya waliokisoma shuleni watanirushia mawe, warushe tu.

Ukipenda kitabu cha kukutikisa, basi Rosa Mistika cha Euphrase Kezilahabi, kilichotoka 1971. Kuna wakati kilipigwa marufuku mashuleni, baadaye kikaja kufundishwa humo humo. Leo ukisoma mambo yaliyoleta zogo utashangaa kidogo, tunasikia makubwa kuliko hayo kila jioni redioni. Kinachouma mpaka sasa ni baba, Zakaria. Kijiji kizima pale Ukerewe kinaona anachomfanyia binti yake, na Kezilahabi anaandika kwa sentensi fupi zisizolia wala kulaani. Nilimpa dada yangu, mama wa mabinti wawili. Alikirudisha baada ya siku chache, akasema, "Kaka, usinipe tena kitabu kama hiki bila kunionya." Kesho yake akaniuliza kama mwandishi ana kingine.

Anacho, na hapo ndipo nawasihi watu. Nagona (1990) ni kijitabu chembamba, ukikiona dukani utadhani ni cha kumaliza kati ya chakula cha mchana na saa tisa. Thubutu. Hakuna kisa cha kushika mkononi: ni ndoto, falsafa, safari isiyo na ramani, watu wanaotokea na kupotea. Mimi nakipenda sasa, baada ya kupitia Kichwamaji na Dunia Uwanja wa Fujo na kujua mtu huyu alikuwa anatoka wapi. Ukimpa anayeanza, umempoteza msomaji. Mzingile (1991) ni ndugu yake, maonyo ni yale yale.

Wasiopenda riwaya nao wapo, mume wa dada yangu mmojawapo: "Mambo ya kutunga sina muda nayo." Huyo nilimpa Wasifu wa Siti binti Saad wa Shaaban Robert, maisha ya kweli ya mwimbaji aliyetoka Fumba akaenda kurekodi santuri Bombay mwaka 1928. Akamaliza, akaanza kutafuta nyimbo zenyewe kwenye simu. Na kwa ushairi sina wa kumtanguliza mbele ya Abdilatif Abdalla. Mashairi ya Sauti ya Dhiki (1973) aliyaandika gerezani Kenya, kwenye karatasi za chooni, alikofungwa kwa sababu ya waraka wake "Kenya: Twendapi?" Msiyasome kimya. Fungeni mlango, someni kwa sauti, hata kama wa nyumbani watafikiri mnagombana na mtu.

Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis, ilitoka 2022, mwaka mmoja baada ya mwandishi kupata Nobeli. Niliichukua kwa wasiwasi maana tafsiri nyingi zinanuka mashine. Hii haimo. Kijana Yusuf anatolewa kwao kwa ajili ya deni la baba yake, anaingia kwenye misafara ya biashara ya bara, na yale mazungumzo ya wafanyabiashara yanasikika kama ya watu waliokaa barazani. Inakwenda polepole, isiwe ya kwanza, lakini isiwe ya mwisho pia.

Kuhusu upatikanaji, hapa sina sifa za kumwaga. Vitabu vya mtaala vimejaa kila duka, visivyo vya mtaala unazungushwa. Nimewahi kununua nakala mpya kabisa, gundi ikaachia siku ya pili nikawa nasoma karatasi moja moja kama karata. Kabla ya kulipa, kifungue katikati, kivute kidogo, hesabu kurasa za mwisho. Msione haya, muuzaji atazoea. PDF za kutumiana kwenye WhatsApp sizitumii, waandishi hawa walio hai wanahitaji kula, na zile nilizoonyeshwa zimepigwa picha zikiwa zimepinda, nusu ya mstari ni kivuli cha kidole.

Hilo la kurasa za mwisho nalisema kwa uchungu. Siri ya Sifuri yangu, moja ya zile za Bwana Msa, niliipata kwa bei ya kutupwa, na kumbe kilichotupwa ni mwisho wake: Bwana Msa anawasha kiko, anakohoa, anataka kusema, na baada ya hapo ni jalada. Mwenye nakala nzima aniuzie. Na asiyekuwa nayo ila amekisoma, tafadhali asiniambie ni nani.