Maktaba ya chuo mtandaoni: miezi minne nilinunua vilivyokwisha lipiwa

Miezi minne ya mwanzo wa uzamili wangu nilikuwa nanunua makala kwa kijana wa steshenari nje ya geti la chuo. Makala moja shilingi elfu moja, ukitaka iliyochapwa unaongeza. Unamrushia kichwa cha makala WhatsApp, jioni anakurudishia PDF. Njia zake anazijua mwenyewe, mimi sikuuliza. Kumbe karibu zote nilizonunua kwake zilikuwa ndani ya maktaba, na ningeweza kuzifungua kwa simu ileile niliyokuwa namtumia pesa.

Aliyenizindua ni mama mmoja wa kaunta. Nilikwenda kulalamikia faini ya kitabu, huku simu iko wazi kwenye ukurasa wa mchapishaji unaodai dola thelathini na ushee kwa makala moja. Akaichungulia.

"Shikamoo mama, nimekuja kwa suala la faini."

"Marahaba, mwanangu. Faini tutaongea. Hiyo makala ulikuwa unaifungulia wapi?"

"Nyumbani, Mbagala."

"Basi ndiyo maana. Ukiwa Mbagala wewe kwao ni mpita njia."

Akanieleza. Wachapishaji hawakujui kwa sura wala kwa kitambulisho. Wanatambua anwani ya intaneti ya chuo. Ukikaa kwenye waifai ya maktaba, majarida yanafunguka bila hata kukuuliza jina. Ukiwa nyumbani na bando lako, unaanzia kwenye ukurasa wa maktaba, unaingia kwa namba ya usajili na nywila, kisha maktaba inakupitisha kana kwamba umekaa chini ya feni zake. Nilikuwa nimehudhuria semina ya wanafunzi wapya saa mbili nzima na hili sikulisikia. Au lilisemwa wakati wa soda.

Sasa hapo kwenye nywila ndipo nilipochoka. Namba yangu ya usajili ina mikwaju (/), na mfumo haupokei mikwaju, unataka vistari (-). Hakuna palipoandikwa hivyo. Maktaba wakanipeleka ofisi ya TEHAMA, TEHAMA wakanirudisha maktaba, kwa adabu kabisa, siku tisa. Kijana mmoja wa mafunzo kwa vitendo ndiye aliyejaribu vistari kwa kubahatisha, ikakubali. Tangu siku hiyo huduma haijanisumbua, isipokuwa ukiacha ukurasa umelala unakutoa, na ulichokuwa unatafuta unaanza upya. Kwenye simu inakera zaidi kuliko kwenye kompyuta.

Lakini kuingia ni jambo moja, kupata ni jingine. Tasnifu yangu inahusu majina ya zana za uvuvi katika Kiswahili cha mwambao. Niliandika "Kiswahili" kwenye katalogi, ile orodha ya vitabu vya maktaba, vikaja vitabu vya kuhesabika kwa vidole. Nikaamini maktaba haina kitu. Yule mama akaniambia, "Futa hiyo Ki." Nikaandika "Swahili language", zikamiminika kurasa kwa kurasa.

Sababu ni kwamba katalogi yetu, kama za vyuo vingi, inapanga mada kwa orodha iliyotungwa na Maktaba ya Bunge la Marekani, na huko lugha yetu inaitwa hivyo. Ukitafuta kwa "Kiswahili" unapata tu vitabu vyenye neno hilo kwenye jina au maelezo yake. Mtu anatafuta lugha yake mwenyewe, tena humu humu nchini, inambidi aiite kwa jina la kigeni ndiyo iitikie! Faida ni kwamba maktaba hiyohiyo ya Marekani ndiyo iliyotunga pia namba za rafu, na ukishajua kwamba Kiswahili ni PL8701 hadi PL8704, huhitaji tena kompyuta: kamusi, sarufi na ushairi wa Kiswahili vimekaa jirani, unatembea kwa jicho. Majina ya waandishi nayo yana mtego. Mfumo unataka jina la mwisho litangulie, ilhali wazee wetu wengi walijulikana kwa jina lao na la baba basi, kwa hiyo mtu mmoja unaweza kumkuta amegawanyika sehemu mbili. Jaribu kote.

Kwenye majarida, JSTOR, hazina ya mtandaoni ya majarida ya kitaaluma, ndiyo niliyoitumia zaidi. Ujue tu kwamba majarida mengi humo yana kizuizi cha miaka ya karibuni, mara nyingi mitatu hadi mitano, hivyo usitegemee makala ya mwaka jana. Kwa majarida yanayochapishwa Afrika nenda AJOL (African Journals Online), tovuti iliyopo tangu 1998 na sehemu kubwa ni bure. Jarida la Swahili Forum, linalotolewa Ujerumani, halihitaji nywila ya mtu yeyote. Mdogo wangu anasoma uuguzi. Yeye maisha yake yote yako Hinari, mkusanyiko wa majarida ya afya chini ya Research4Life, ambao nchi kama yetu hupewa bure au kwa bei ndogo. Nywila yake ni ya chuo kizima, unaomba kaunta. Usiibandike kwenye magrupu ya WhatsApp, mchapishaji akiona upakuaji wa ajabu anaweza kukifungia chuo chote.

Jengo lenyewe sina mengi ya kusema. Begi unaacha nje, unapewa kibao chenye namba. Soketi zinazofanya kazi ni chache na kila moja ina sweta la mtu limeshika kiti cha jirani tangu saa moja asubuhi. Katalogi ikisema kitabu kipo, usifurahi haraka: mitihani ikikaribia watu huvificha. Kamusi niliyoitafuta wiki nzima niliikuta kwenye vitabu vya sheria, imelazwa nyuma ya mstari, ndani ina tiketi ya daladala kama alama.

Kitu nilichokihitaji kuliko vyote hakipo mtandaoni. Ni tasnifu ya zamani iliyopigwa taipu, ya mtu aliyekaa miezi na wavuvi wa kusini, na aliiandika katika chuo hikihiki. Makala ya Ujerumani nimeisoma nikiwa kwenye foleni ya mwendokasi. Hii ya hapa inahitaji barua ya msimamizi, kitambulisho, na penseli, kwa sababu kalamu ya wino hairuhusiwi katika chumba inamosomewa. Kupiga picha nako hakuruhusiwi. Haiazimwi. Chumba kinafungwa saa kumi jioni.

Kwa hiyo nanakili kwa mkono: dema, mgono, uzio, wando, jarife, juya. Kila neno lina mchoro mdogo pembeni, na michoro kadhaa ina doa la maji lililokula nusu ya maelezo. Ya uzio nimeikuta nzima. Ya wando nililazimika kuinua ukurasa kwenye mwanga wa dirisha nisome herufi kwa mgandamizo wa taipu. Nimebakiza kurasa sitini, na Jumatatu chumba kinafunguliwa saa tatu.