Uchambuzi wa Hermione, manowari ya Ufaransa ya 1779

Haya wadau karibuni, leo nina chombo kimoja tu, Hermione, manowari ya matanga iliyoundwa Rochefort kule Ufaransa ikashushwa majini tarehe 28 Aprili 1779.

Tuanze na mizinga maana najua ndo mnayoisubiri. Mikubwa ilikuwa 26, kila mmoja unatema tufe la chuma la karibu kilo 6, na midogo 6 huko juu. Kwa zama zile ni silaha ya wastani tu, kulikuwa na manowari za mizinga 74 na zingine zaidi ya 100, ukijipanga nazo ubavu kwa ubavu umekwisha. Lakini jamani hii ni frigeti, kazi yake kupeleleza, kusindikiza meli za mizigo na kuwahisha habari, ukiipima kwa mizinga unaionea.

Mi naipima kwa safari ya 1780. Machi mwaka ule ilimpakia Lafayette, ofisa Mfaransa aliyekuwa akiwasaidia Wamarekani kupigania uhuru wao kutoka kwa Waingereza, ana habari za siri za kumpelekea George Washington, mkuu wa jeshi lao, kwamba mfalme wa Ufaransa anatuma askari zaidi ya 5,000, basi ikaikata Atlantiki ikatia nanga Boston mwisho wa Aprili, siku 38 hivi, na njia ile ukitoka Ulaya upepo mara nyingi unakupiga usoni. Hapo naipa alama zote. Na mwezi wa 6 ikapambana na Iris, manowari ya Waingereza, nahodha Latouche-Tréville akapigwa risasi ya mkono, hakuna aliyemteka mwenzake.

Sasa linaloniuma. Haikuzamishwa na adui. Tarehe 20 Septemba 1793, karibu na Le Croisic, hapo mto Loire unapoingia baharini, rubani, yule anayeiongoza meli njia, alikosea ikapanda mwamba ikafia pale. Nahodha wa wakati huo alishtakiwa akaachiwa.

Kuanzia 1997 mafundi wa Rochefort waliunda nyingine mpya kwa kuiga ile ya zamani, wakaishusha majini 2012, na 2015 ikavuka mpaka Marekani. Mwaka 2021 ikakutwa kuvu imekula mbao za ubavuni, mbao ndo zilivyo, hata majahazi yetu yanataka kalafati, yaani kuzibwa nyufa za mbao, kila mara. Ukibahatika kuifikia usikimbilie mizinga kupiga picha, inua macho uangalie kamba, zote pamoja ni kilomita 25 hivi, na baharia wa 1780 alitakiwa aijue kila moja gizani, meli inalala ubavu.