Seti ya TENS, pedi ya joto na pakiti ya baridi: kipi kinafaa, kipi kinakwamisha

Seti hizi za vitu vitatu zimekuwa nyingi: kimashine cha TENS kinachoenea kiganjani (hutuma mapigo madogo ya umeme kupitia ngozi ili kutuliza maumivu), pedi ya joto ya umeme, na pakiti ya jeli ya kuweka kwenye friza. Ahadi kwenye boksi huwa ni ile ile, kutuliza maumivu ya mgongo, goti na bega ukiwa nyumbani. Kwa macho ya fiziotherapia, mashine inastahili sifa yake mradi ikuonyeshe namba zake. Pedi ya joto ni nzuri na pia ndicho kitu hatari kuliko vyote ndani ya boksi. Pakiti ya baridi ni ya kawaida tu. Wanaokata tamaa na seti hizi mara nyingi huwa wameangushwa na elektrodi za kunata, yaani vibandiko vinavyopitisha umeme kwenye ngozi, au na kijitabu kisichosema lolote la maana.

Tuanze na mashine, maana ndiyo unayoilipia. Kuna matoleo mawili. La kwanza lina betri ya volti 9, chaneli mbili (kila moja na jozi yake ya elektrodi) na vitufe vya kuzungusha: masafa, yaani mapigo kwa sekunde, kuanzia 2 hadi 150 Hz, upana wa pigo, yaani muda ambao kila pigo hudumu, kuanzia mikrosekunde 50 hadi 250, nguvu kuanzia 0 hadi miliampia 80. Kwa sura ni la kizamani. La pili ni la kuchaji, lina kioo chenye mwanga na programu zenye majina kama "mgongo", "bega", "kukanda". Tunapendekeza la kwanza bila kusita. Neno "bega" halikuambii kama unapewa mapigo 100 kwa sekunde au 4, na hayo ni matibabu mawili tofauti kabisa. Programu ikikusaidia leo hujui kilichokusaidia ni nini, na huwezi kumweleza mtaalamu wako ulichotumia. Kama umeshapata toleo la pili, pekua kurasa za mwisho za kijitabu utafute jedwali la Hz na mikrosekunde kwa kila programu. Jedwali likikosekana, irudishe mashine dukani.

Namba hizo zina kazi gani? Masafa ya juu, 80 hadi 120 Hz, yenye pigo jembamba la mikrosekunde 50 hadi 100, husisimua neva nene za mguso. Taarifa za mguso zikifurika kwenye uti wa mgongo, taarifa za maumivu hupata shida kupita. Ndiyo nadharia ya lango ambayo Ronald Melzack na Patrick Wall waliichapisha mwaka 1965, na ndiyo iliyofungua njia kwa mashine hizi. Nafuu yake huja ndani ya dakika chache, na huondoka mapema baada ya kuzima. Masafa ya chini, 2 hadi 4 Hz, yenye pigo pana la mikrosekunde 150 hadi 250, hufanya kazi kwa njia nyingine. Unaongeza nguvu mpaka misuli iruke kwa namna inayoonekana kwa macho, unakaa hivyo dakika 20 hadi 30, na mwili hutoa vitulizo vyake wenyewe vya jamii ya afyuni. Nafuu hii huchelewa kuja, lakini huweza kudumu kwa saa kadhaa. Haifai kwenye jeraha bichi, kwa sababu misuli inayorukaruka huvuta mahali palipoumia. Pia mtu aliyetumia mofini au dawa za jamii hiyo kwa muda mrefu huwa hapati mengi kwenye masafa ya chini. Aanzie ya juu.

Mbali na masafa ya juu na ya chini, kuna hali ya mafungu, ambayo hutuma mapigo ya haraka kwa makundi, kawaida mawili kwa sekunde. Wengi wasioweza kuvumilia masafa ya chini huivumilia hii. Hali nyingine hubadilisha masafa au upana yenyewe kila baada ya muda, nayo ni muhimu, kwa sababu neva huzoea.

Hapo kwenye kuzoea ndipo watu wengi hupoteza faida yote. Mtu anaongeza nguvu mpaka ahisi kitekenyo kidogo, anaacha, baada ya dakika tano hahisi kitu, anakaa nusu saa akidhani anatibiwa. Nguvu inayotakiwa ni ile ya juu kabisa unayoweza kustahimili bila maumivu: msisimko mzito, ulioenea, usiochoma. Hisia ikififia, ongeza kidogo tena. Na kama unatumia kila siku kwa mpangilio ule ule, ndani ya siku chache mwili huanza kuizoea tiba yenyewe. Badilisha masafa, leo ya juu, kesho ya chini, na utaichelewesha hali hiyo.

Sasa elektrodi. Zinazokuja kwenye boksi ni nne, za mraba wa sentimita 5 kwa 5, na hapa ndipo seti hizi huwa dhaifu. Mashine nyingi nzuri hulinda kiwango cha mkondo: ukiweka miliampia 30, zitapita 30 iwe elektrodi imeshika yote au nusu. Piga hesabu. Elektrodi nzima ina sentimita 25 za mraba. Upande mmoja ukibanduka kwa jasho au vumbi zikabaki 12 na nusu, mkondo ule ule unapita kwenye nusu ya ngozi, na kila sentimita ya mraba iliyobaki inapokea mkondo maradufu. Ndiyo maana mtu anasema mashine "imeanza kuuma" wakati hajagusa kitufe. Mashine haina kosa. Kosa ni la elektrodi iliyokauka.

Osha ngozi kwa maji na sabuni, kausha, usipake mafuta wala losheni. Nywele nyingi zipunguze kwa mkasi. Ukinyoa kwa wembe siku hiyo hiyo, mikwaruzo midogo itachoma vibaya. Bandika kuanzia katikati ukisukuma hewa kwenda pembeni. Ukibandua, shika kona ya elektrodi yenyewe, kamwe usivute waya, kwani waya hukatika ndani palepale unapoingia kwenye elektrodi na kwa nje hutaona kitu. Rudisha kwenye plastiki yake, kisha ndani ya mfuko unaofungwa. Ikianza kukauka, tone moja la maji lililosambazwa kwa kidole huirudishia mnato kwa muda. Ukiitunza hivyo, elektrodi huweza kufika matumizi 20 hadi 30. Isiposhika tena, itupe. Usiifunge kwa plasta ili iendelee kufanya kazi, maana plasta hushika kingo tu, katikati ikabaki hewa.

Kwa mgongo wa chini, weka elektrodi mbili kila upande wa uti, juu ya misuli, si juu ya mfupa wenyewe. Kwa goti, mbili juu kidogo ya kifuniko cha goti na mbili chini yake, chaneli zikikatizana kama alama ya X. Acha nafasi ya angalau sentimita 2 na nusu kati ya elektrodi na elektrodi, la sivyo mkondo hupita juu juu ya ngozi tu. Ukiziachanisha zaidi, mkondo huzama zaidi. Vitufe vyote viwili vya nguvu viwe sifuri kabla ya kuwasha, na uzime kabla ya kubandua.

Baadhi ya mashine hizi zinatangazwa kuwa zinajenga misuli pia. Hapo tunakuwa wagumu kidogo. Kusisimua misuli ya mbele ya paja baada ya upasuaji wa goti ni tiba halisi na inasaidia, lakini inahitaji mapigo 35 hadi 50 kwa sekunde, upana wa mikrosekunde 200 hadi 400, misuli ikaze sekunde 10 na kupumzika kama sekunde 50, huku nguvu ikipanda taratibu kwa sekunde 2 mwanzoni. Mikazo 10 hadi 15 inatosha. Muda wa kupumzika si wa kupunguza: ukiweka sekunde 10 kwa 10, kufikia mkazo wa tano misuli imechoka na mikazo inayofuata ni dhaifu. Mashine isiyo na mpangilio wa kukaza na kupumzika haifanyi kazi hii, hata tangazo lake liseme nini. Na elektrodi za 5 kwa 5 ni ndogo mno kwa paja. Zitachoma kabla misuli haijakaza sawasawa. Nunua za 5 kwa 9.

Pedi ya joto ni laini, hupata moto haraka, na nyingi hujizima zenyewe baada ya muda fulani. Kama yako haina kujizima, usiinunue. Joto la nje hufika sentimita moja au mbili tu chini ya ngozi, kwa hiyo kwa misuli ya shingo na vidole vyenye baridi yabisi ni zuri sana. Kwa nyonga iliyofunikwa na nyama nyingi ni faraja zaidi kuliko tiba. Tishu hunufaika zikifika nyuzi 40 hadi 45 za Selsiasi, na kupita 45 zinaanza kuungua. Nafasi hiyo ni nyembamba. Hata kliniki, ambako pakiti za joto hupashwa moto kwenye maji ya nyuzi 71 hadi 74, hufungwa kwa matabaka sita hadi nane ya taulo na ngozi hukaguliwa baada ya dakika tano. Nyumbani fanya vivyo hivyo: dakika 15 hadi 20, na dakika ya tano inua uangalie. Wekundu ulioenea sawasawa ni kawaida. Ukiona mabaka, yaani doa jekundu sana kando ya doa jeupe, toa mara moja.

Usiilalie. Uzito wa mwili hubana mishipa midogo ya damu, na damu ndiyo inayobeba joto kulipeleka kwingine. Ikizuiwa, joto hurundikana mahali pamoja na ngozi huungua kwa kiwango ambacho mkono wako ungekiona cha kawaida. Usiiweke juu ya ngozi iliyopakwa dawa ya kuchua yenye mentholi au pilipili. Wala juu ya bandiko la dawa ya maumivu kama fentanili, kwani joto huharakisha dawa kuingia mwilini na dozi yake inaweza kuua. Jambo hili kijitabu kingepaswa kuliandika ukurasa wa kwanza.

Kuhusu pakiti ya baridi hatuna mengi. Jeli hubaki laini ikitoka kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri, hivyo hujikunja vizuri kwenye goti na kifundo. Lakini ulaini huo una gharama yake: jeli isiyoganda haiyeyuki, na kuyeyuka ndiko kunakonyonya joto jingi. Kilo moja ya barafu ikiyeyuka hunyonya kilojuli 334 huku ikibaki kwenye sifuri ile ile. Mfuko wa barafu iliyopondwa na maji kidogo hupoza kwa kina na kwa usawa kuliko pakiti hii, tena ni salama zaidi, kwa sababu jeli huanza ikiwa baridi kuliko barafu inayoyeyuka. Ukiitumia, ifunge kwa taulo jembamba lenye unyevu, dakika 10 hadi 15. Utahisi baridi, kisha kuchoma, kisha kuuma, kisha ganzi. Ganzi ikifika, toa. Epuka kuibana chini kidogo ya goti upande wa nje na kwenye kiwiko upande wa ndani. Pale neva ziko karibu na ngozi na baridi kali imewahi kuwaacha watu na mguu usionyanyuka.

Baridi inatuliza maumivu, hilo halina ubishi. Kwamba inaharakisha kupona ni jambo jingine. Daktari Gabe Mirkin wa Marekani, aliyeeneza mwaka 1978 kanuni ya kupumzisha, kuweka barafu, kubana na kuinua, mwenyewe baadaye aliandika kwamba barafu inaweza kuchelewesha uponaji. Kwa hiyo itumie siku za mwanzo, kwa ajili ya maumivu, isiwe ratiba ya wiki nzima.

Kuhusu kuvitumia vyote siku moja: joto kwanza, futa jasho, ngozi ikauke, kisha TENS. Usiweke pedi ya joto juu ya elektrodi zilizobandikwa. Na usibandike elektrodi kwenye ngozi iliyokufa ganzi kwa barafu, kwa sababu kipimo chako pekee cha nguvu ni hisia yako, na hapo huna.

Mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo kilichopandikizwa asitumie mashine hii bila daktari wake wa moyo. Mjamzito asiiweke tumboni wala kiunoni bila ushauri wa mtaalamu. Hakuna anayepaswa kuiweka mbele ya shingo, machoni, au elektrodi moja kifuani na nyingine mgongoni. Mguu uliovimba ghafla na kuuma kwenye misuli ya nyuma huenda una damu iliyoganda: usiupashe joto, usiuwekee umeme, nenda hospitali. Mwenye kisukari aliyepoteza hisia miguuni asitumie chochote kati ya vitu hivi vitatu miguuni. Jipime hivi: mrija mmoja wa maji ya vuguvugu, mwingine wa maji baridi, macho yamefumbwa, mtu mwingine akigusisha. Usipoweza kuvitofautisha, seti hii si ya eneo hilo.

Ukiamua kununua, agiza elektrodi za akiba siku hiyo hiyo, na kabla ya kulipa angalia ncha ya waya. Pini ya milimita 2 huingia kwenye elektrodi za watengenezaji wengi. Ile ya kubonyeza kama kishikizo, au yenye umbo lake pekee, itakufunga kwa muuzaji mmoja.