Altezza yangu kwenye drifti Tabora: difu ya kuchomelea na hendibreki ya haidroliki

Kama una Toyota Altezza ya silinda sita na unataka kuingia kwenye drifti, yaani mchezo wa kuserereshea gari kwa upande kwenye kona, pesa yako ya kwanza isiende kwenye injini. Ipeleke kwenye difu, yaani gia zinazogawa nguvu ya injini kwa matairi mawili ya nyuma, na ikibaki, kwenye hendibreki. Nasema hivi baada ya kushindana Oktoba hapa Tabora, kwenye uwanja wa lami wa ghala la tumbaku, masoko yakiwa yameshafungwa na uwanja mtupu. Gari langu lilikuwa ndiyo kwanza limetoka gereji. Injini sijaigusa: ni ileile 1G-FE ya lita mbili, nguvu za farasi 160 kwa vipimo vya kiwandani.

Vijana wengi ukiwatajia drifti wanakimbilia kusema 1JZ, injini kubwa zaidi ya Toyota, na turbo. Sibishi, ni injini tamu. Lakini kwenye viwanja tunavyopata huku mikoani unaingia kona na gia ya pili na unamaliza na gia ya pili. Kinachokuangusha pale si upungufu wa nguvu. Ni nguvu uliyonayo kutofika chini kwa matairi yote mawili.

Difu ya kawaida inaruhusu tairi la nje lizunguke haraka kuliko la ndani, kwa sababu kwenye kona la nje lina safari ndefu zaidi. Barabarani hilo ni jambo jema. Unapotaka gari liserereke, ndipo inapokuharibia: gari linaegemea nje, tairi la ndani linapungukiwa uzito, linazunguka bure, moshi unatoka upande mmoja tu, na mkia unarudi kwenye mstari kabla hujafika kokote. Altezza RS200 za gia za mkono zilitoka na Torsen, difu ya gia inayopeleka nguvu kwenye tairi lenye mshiko, na ni nzuri, ila tairi moja likipoteza mshiko kabisa nayo inalegea. LSD ya sahani, yaani difu yenye sahani zinazokaza ili tairi moja lisizunguke bure, ndiyo yenyewe hasa, kwa mwenye uwezo. Sisi wengine tunachomelea gia ndogo za ndani ya difu, ili matairi yote mawili yazunguke pamoja.

Nilinunua difu nyingine ya mtumba kutoka Dar, ikaja kwa basi kama kifurushi, ile ya gari nikaiweka stoo. Nawashauri wote mfanye hivyo, maana difu ikishachomelewa hairudi ilivyokuwa. Fundi niliyempata Ng'ambo kazi yake ya kila siku ni mageti na matela ya trekta, na nakiri nilikwenda kwake kwa sababu nilishaona matela yake yanavyobeba mzigo. Alizisafisha zile gia ndogo mpaka harufu ya oili ikaisha. Akakataa kutumia vijiti vya 6013 anavyochomelea mageti, akaagiza 7018 na kuvikausha kwanza. Akazipasha gia moto kabla ya kuchomelea, akaenda kidogo kidogo, upande huu kisha upande wa pili. Alipomaliza akazifukia kwenye majivu na kuziacha mpaka kesho yake, ili zipoe polepole zisipasuke. Kazi yote ilikuwa chini ya bei ya tairi moja jipya. Sina cha kulalamika hata kimoja.

Mjini sasa gari halina raha. Kona ya taratibu matairi ya nyuma yanalia, moja likiburuzwa na mwenzake, na shafti zinabeba mzigo ambao hazikutengenezewa. Mvua zikianza sitalitembeza kabisa, mkia unaweza kukatika hata kwenye kona ya kuingia sokoni. Mtu mwenye gari moja tu la familia asifanye jambo hili.

Hendibreki ndiyo iliyonitesa, na hapa muuzaji hakunitendea haki. Ile ya kiwandani inavutwa kwa waya na inakaza viatu vidogo vya breki vilivyo ndani ya diski ya nyuma; ni ya kushikilia gari lililoegeshwa. Ya haidroliki ina mkono mrefu unaosukuma silinda yake yenyewe, na presha inakwenda kwenye pedi za nyuma. Unavuta, matairi yanajifunga palepale. Niliagiza kwa mtandao, nikahakikishiwa kwamba "inaingia Toyota zote bila shida". Mzigo ukafika bila karatasi hata moja ya maelekezo. Fundi alipoanza kufunga bomba, nati ikaingia vizuri nyuzi mbili, ikakaza. Akaichomoa, akaiweka kwenye mwanga, akaniambia hapana. Nati za mabomba ya breki za Toyota ni milimita 10 kwa uzi wa milimita 1. Matundu ya ile silinda yalikuwa ya inchi, tatu kwa nane. Kwa macho huwezi kuzitofautisha. Fundi asiye makini angekaza kwa nguvu, uzi ungeharibika, na breki zingevuja siku ambayo mtu yuko ndani. Nilipompigia muuzaji alisema nimpelekee fundi wa Dar. Tulitafuta viungio sahihi wenyewe, tukavipata, tukatoa hewa kwenye mfumo mpaka mkono ukawa mgumu kama unavyotakiwa.

Baada ya hapo, kifaa chenyewe ni kizuri kweli. Mkono haukulegea siku nzima. Ile ya waya nimeiacha ilipo, kwa sababu ya haidroliki si ya kuegeshea gari: presha inashuka taratibu, na gari linaweza kuondoka peke yake.

Siku ya shindano tulianza mmoja mmoja, kisha wawili wawili. Majaji walitazama vigezo vilevile vya tangu D1, mashindano ya drifti ya Japani: kasi, pembe, laini na staili. Kona zilikuwa mbili, moja pana na moja ya kubana, zimepangwa kwa matairi chakavu. Vijana walifagia lami asubuhi, lakini mchanga wa Tabora mnaujua, kila gari likipita unarudi. Nyuma nilifunga rimu za inchi 15 na matairi ya mtumba yenye upepo wa PSI 45, mbele matairi mapya yenye mshiko. Gari lenye nguvu ndogo linahitaji msaada huo ili nyuma iteleze.

Nataka mwelewe ilivyokuwa kwenye kona ya kubana, maana pesa yangu ndipo ilipoonekana. Zamani ningepiga klachi, nikavuta waya, nikaomba Mungu. Safari hii nilikanyaga klachi, nikavuta mkono kwa muda mfupi tu, nikaachia, nikakanyaga mafuta. Mkia ukatoka wote kwa pamoja. Steringi ikajizungusha yenyewe mikononi kwenda upande wa pili, nikaiacha iende, nikaidaka pembe ilipokaa sawa. Kuanzia hapo ni mguu wa kulia tu: ukiongeza mafuta pembe inakua, ukipunguza inafunga. Nililipita rundo la mwisho la matairi kwa upande, bampa ya nyuma ikiwa karibu kiasi cha kuligusa, na gari halikusita hata mara moja. Nilipiga kelele ndani ya helmeti.

Nilifika nusu fainali. Hapo nilikutana na Toyota Chaser ya kaka mmoja kutoka Mwanza, akanitoa kihalali kabisa. Nilipotangulia alinifuata mlango kwa mlango, na alipotangulia yeye sikuweza kuikaribia pembe yake. Alikuwa ameongeza mkato wa steringi, matairi yake ya mbele yanakata zaidi. Mimi nilikuwa nimeweka washa tu kwenye reki ya steringi ili matairi yakate zaidi kidogo, zinasaidia, ila zina kikomo.

Joto la Oktoba ni suala jingine. Gari likienda kwa upande, upepo hauingii sawasawa kwenye rejeta, na sindano ilikuwa inapanda kila raundi. Kati ya raundi acheni injini iungurume bila mzigo, boneti wazi, feni ifanye kazi. Na waandaaji, nawashukuru kwa dhati kwa mtungi wa kuzimia moto na kwa kukataa helmeti zisizofunika uso, lakini kamba ya watazamaji ilikuwa karibu mno na kona pana. Watoto walikuwa mbele kabisa. Isogezeni mara mbili ya pale.

Wiki iliyofuata tulifungua difu. Weldi zote nzima, hakuna ufa. Oili ilikuwa na unga laini wa chuma, tumeibadilisha, na nitakuwa naibadilisha kila baada ya shindano. Pedi za nyuma zimeisha zaidi ya nusu. Nyingine ziko njiani. Kwa anayetaka kuagiza hendibreki kama yangu: kabla ya kulipa, mwombe muuzaji akupigie picha ya matundu ya silinda yakiwa yamepimwa, na kama hajui uzi ni wa milimita au wa inchi, tafuta mwingine.