Darasa la Historia la Ngamiani: Jioni ya Watoro wa Jeshi na Debe la Mahindi

Jumamosi iliyopita nilihudhuria darasa la jioni la historia linalofanyika ghorofani, Ngamiani, Barabara ya 12, hapa Tanga. Kiingilio ni shilingi 5,000, pamoja na chai ya tangawizi na muhogo wa kuchemsha. Mada ilikuwa nidhamu ya jeshi na uporaji wa watoro katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vilivyopiganwa kuanzia 1861 hadi 1865.

Kilichonifanya nione fedha yangu imekwenda mahali pake ni debe moja la mahindi. Mwalimu aliliweka mezani, akamwuliza bibi aliyekaa mstari wa mbele, "Shikamoo bibi, hili linalisha nyumba yako siku ngapi?" Bibi akaitikia marahaba, kisha akajibu, "Siku nane, mwanangu, na tisa wageni wasipokuja." Ndipo mwalimu akaanza kupima na kuondoa, kama vile debe ni la mkulima wa Kusini. Pishi ya kwanza ilikuwa ya serikali ya Kusini, yaani ya majimbo yaliyojitenga na Marekani, ambayo sheria yake ya Aprili 1863 iliwataka wakulima watoe sehemu ya kumi ya mazao yao. Zilizofuata zilikuwa za jeshi la Jenerali William Sherman wa Kaskazini, lililotoka Atlanta, katika jimbo la Georgia, Novemba 15, 1864, na kuingia Savannah Desemba 21, likiwa na askari wapatao 60,000 walioishi kwa walichokikuta njiani. Mwisho wakaja watoro, na debe likabaki vumbi. Bibi akainama kuokota punje zilizoanguka chini ya meza.

Amri namba 120 ya Sherman ilielezwa kwa ufasaha. Vikosi vya kutafuta chakula viongozwe na maofisa, askari wasiingie majumbani, kila familia iachiwe akiba ya kujikimu, na ofisa akiona inafaa aandike cheti cha kueleza yaliyotokea, lakini asitoe risiti. Hapo kwenye cheti kisicho risiti tulikaa karibu nusu saa, na sikuona muda umepotea, kwa kuwa mfanyabiashara yeyote wa Soko la Mgandini anajua uchungu wa kuchukuliwa mali bila karatasi ya kudaia. Sherman mwenyewe alikadiria hasara ya Georgia kuwa dola milioni 100, akakiri kwamba ni milioni 20 tu zilizolinufaisha jeshi lake, na zilizobaki zilikuwa uharibifu mtupu.

Nisilokubaliana nalo ni kwamba mwalimu aliwaita waporaji wote ruga-ruga, yaani wapiganaji wa kukodiwa walioishi kwa uporaji. Askari wa Sherman aliyevuka mpaka wa amri alikuwa bado na ofisa juu yake, na ofisa huyo ndiye wa kuulizwa kwa nini aligeuza uso. Mtoro hakuwa na wa kumuuliza. Wengi wa Kusini walitoroka kwa sababu mshahara wa dola 11 kwa mwezi ulichelewa au ulikuwa umekwisha thamani, huku barua za wake zao zikieleza njaa ya nyumbani. Na aliyejificha msituni hakuweza kwenda sokoni bila kukamatwa, kwa hiyo aliishi kwa kulishwa na jamaa zake au kwa ghala la jirani. Kuwaweka wote katika kapu moja kunamficha aliyetoa ruhusa. Aidha, kanuni za jeshi la Kaskazini za Aprili 1863, zilizoruhusu adhabu ya kifo kwa uporaji, zilitajwa kwa sentensi moja tu, ilhali swali la nani aliyeadhibiwa kweli lilistahili jioni nzima.

Darasa lilichelewa dakika 40, na ramani zote ukutani zilikuwa za Kiingereza, hata mzee aliyekaa kando yangu akawa ananiuliza kila mara Savannah iko upande gani. Nimewaomba waandae ramani za Kiswahili, na nimeshalipia kiti changu cha Jumamosi ijayo.