PS2 kwenye monita ya kompyuta: cha kununua, cha kuacha, na swali ambalo muuzaji haliulizi

Mwezi wa saba huku Uyole baridi inang'ata. Watoto wamefunga shule, ukungu unakaa mpaka saa nne asubuhi, hakuna wa kumtoa nje. Wiki hiyohiyo TV ya chogo niliyowawekea chumbani ikazima moja kwa moja. Fundi akaifungua, akasema flaibaki imekufa na ya aina ile haipati tena. Ndani nilikuwa na monita iliyobaki tulipofunga steshenari ya mume wangu, nikaona basi, PS2 yao, ile mashine ya gemu ya PlayStation 2, ihamie huko.

Nikashuka Mwanjelwa. Kijana wa duka akanitolea kidude cha ukubwa wa kidole gumba: upande mmoja kinaingia nyuma ya PS2, upande wa pili kina tundu la HDMI. "Mama, hiki ndicho chenyewe, HD kabisa." Akakijaribu mbele yangu kwenye TV ya ukutani na picha ikatoka. Nikalipa Sh 35,000. Nyumbani monita ikawaka, ikaandika kwamba inacholetewa kiko nje ya uwezo wake, taa ikageuka njano, ikalala. Nikabadili waya wa HDMI. Ikalala tena. Kesho yake nikarudi dukani, akakichomeka kwenye TV ileile, picha ikatoka tena, akaniambia monita yangu ndiyo mbovu. Monita hiyo ilifanya kazi za steshenari miaka sita bila kulalamika. Kwenye risiti imeandikwa mali ikishauzwa hairudishwi, na hela yangu ikaishia hapo.

Kwa hiyo sitazungumzia rangi, inchi wala uzuri wa picha. Hayo kila mtu anayaangalia. Nazungumzia jambo moja lililonilia hela, na ambalo sijakutana na muuzaji anayeliuliza: je, hicho kifaa kinaibadilisha picha, au kinaipitisha tu kama ilivyo?

Tofauti iko hivi. PS2 ilitoka Japani Machi 2000, ikatengenezwa kwa ajili ya TV za chogo. Zile za mfumo wa Ulaya, ambao ndio mfumo wetu wa TV pia, hutoa picha ya mistari 576, lakini haziitumi yote kwa pamoja. Kwanza inakwenda nusu, mistari ya kwanza, ya tatu, ya tano, halafu inafuata nusu nyingine, ya pili, ya nne, ya sita. Nusu hamsini kwa sekunde. TV ya chogo ilizaliwa na kazi hiyo, jicho linaziunganisha lenyewe. Hata TV bapa za leo bado zina sehemu ndani yake ya kushona nusu hizo. Monita ya kompyuta kwa kawaida haina. Yenyewe inataka mistari yote mara moja, na kwa kasi kubwa zaidi: PS2 inachora mistari 15,625 kwa sekunde, wakati monita nyingi zinaanza kuelewa kuanzia 30,000. Fungua kitabu cha monita yoyote kwenye ukurasa wa vipimo, utaona imeandikwa kilohezi 30 kwenda juu. PS2 imeachwa nje ya mlango.

Kidude changu cha Sh 35,000 kilikuwa kinachukua nusu zilezile za mistari na kuzipitisha kwenye waya wa HDMI bila kuzishona. TV ya dukani ikashona yenyewe. Monita yangu haikuweza. Kidude hakikuwa kibovu, na ukiwa na TV bapa kitakufaa. Kumuuzia mtu aliyetamka neno monita mara tatu ndiko kulikoniudhi.

Baada ya hapo nikazunguka, Mwanjelwa, Soweto, hadi Iringa nilipokwenda kwenye msiba nikapita maduka ya Miyomboni. Hivi ndivyo ninavyovipanga.

Cha kwanza, na sioni aibu kupendelea, ni Dell. Si adapta, ni monita yenyewe. Kabla hujanunua kidude chochote angalia kama unaweza kuibadili monita uliyonayo kwa nyingine. Dell walitengeneza monita za UltraSharp zenye tundu la njano la AV mgongoni, lilelile la waya uliokuja na PS2. Zinazofaa zaidi ni 2001FP na 2007FP. Zote mbili zina tundu la njano, na pembeni yake tundu la duara la S-Video. Kazi ya kushona mistari inafanyika ndani ya monita, kwa hiyo hakuna adapta, hakuna umeme wa ziada, hakuna cha kubahatisha. Umbo lake pia ni la 4:3 kama TV ya zamani, kwa hiyo wachezaji hawageuki wanene wafupi kama kwenye skrini ndefu. Ukitaka kubwa zaidi ipo 2407WFP ya inchi 24, ambayo ina hata matundu matatu ya kijani, buluu na nyekundu.

Si kila Dell, jamani. Zile ndogo zilizojaa kwenye ofisi na steshenari nyingi zina VGA tu, lile tundu la zamani la kompyuta. Igeuze, uitazame chini nyuma, pale matundu yanapoelekea mezani. Ukiona duara la njano, shika hapohapo. Wauzaji wa kompyuta za mtumba wanapanga bei kwa inchi, hawaangalii mgongo, kwa hiyo tundu hilo mara nyingi hulilipii chochote. Lakini usishangilie mbele yao. Mimi nilishangilia, na bei ikapanda kwa Sh 20,000 nikiwa bado nimeishikilia monita mkononi. Muuzaji hakujua lile tundu ni la nini. Alichoona ni uso wangu.

Ukiipata, tafuta waya wa S-Video wa PS2. Kwenye waya wa njano mwanga na rangi vinasafiri vimechanganywa, na kuvitenganisha tena kunaacha ukungu pembeni mwa maandishi. S-Video inavipitisha mbalimbali. Kwenye gemu ya mpira, ile saa na matokeo ya juu kwenye kona, ambavyo kwa njano nilikuwa navisoma kwa kukisia, kwa S-Video vilisomeka nikiwa nimekaa kitandani.

Sauti usiitafute kwenye monita. Chomeka pini nyeupe na nyekundu moja kwa moja kwenye sabufa ya sebuleni.

Cha pili ni RetroTINK 2X, kiboksi cha kubadilisha picha, kwa mwenye monita mpya ya HDMI ambayo hataki kuibadili. Ni kazi ya Mmarekani anayeitwa Mike Chi. Nimeitumia ya shemeji yangu aliyerudi nayo kutoka ng'ambo. Inapokea njano, S-Video na waya wa rangi tatu (kijani, buluu na nyekundu), inageuza nusu za mistari kuwa picha kamili, na haingoji picha nzima ifike ndipo ianze kazi, kwa hiyo ukibonyeza pedi mchezaji anapiga palepale. Kasoro yake kwetu ni kwamba inaongeza mistari tu, haigeuzi mwendo wa picha 50 kwa sekunde kuwa 60. Kuna monita za kompyuta zinazokataa 50. Jaribu kwanza, maana bei yake inauma, na ukiagiza utalipa usafiri na ushuru juu yake.

Mwenye monita ya VGA peke yake ana njia ya GBS-8200. Ni bodi tupu, haina hata kasha, utaitafutia boksi na adapta ya volti 5. Inataka waya wa rangi tatu wa PS2, ule wa kijani, buluu na nyekundu. Kabla hujaubadili waya, ingia kwenye mpangilio wa PS2 ukiwa bado na waya wa njano, pale pa kuchagua aina ya picha toa RGB uweke ile nyingine yenye herufi Y. Usipofanya hivyo rangi zitakuja za ajabu na utadhani bodi imeungua. Bodi hii nimeiweka chini ya RetroTINK kwa sababu ya chenga kwenye picha, lakini inafanya kazi ambayo kidude changu hakikuweza.

Halafu kuna kile kiboksi cha plastiki chenye matundu matatu upande mmoja na HDMI upande wa pili, na swichi ya 720 na 1080. Kinabadilisha picha kweli, monita itaikubali, na umeme wake unaweza kuutoa kwenye tundu la USB la mbele ya PS2. Lakini kinatanua picha, kinaififisha, na kinachelewa: unabonyeza shuti, beki ameshafika. Kwa mtoto mdogo sawa.

Ila bei! Kiboksi hicho kikifika Mbeya kinauzwa karibu mara mbili ya Kariakoo. Ukiuliza unaambiwa nauli. Kitu kinachoenea kwenye kiganja, kimekuja kwenye buti la basi na wenzake mia kwenye katoni moja, nauli yake kila kimoja ni shilingi ngapi? Wakulima wa Uyole wanapakia magunia ya viazi kwenda Dar na faida yao ni ya kuhesabu mia mia. Na yale maandishi ya 1080p juu ya boksi yananikera kuliko bei. Hiyo ni idadi ya mistari inayotoka, si uzuri wa picha. PS2 imetoa 576, zilizobaki kiboksi kimezibuni.

Basi ukienda kununua chochote kati ya hivi, beba monita. Ndiyo, ibebe. Mimi yangu niliifunga kwa kitenge, kioo nimekigeuzia tumboni, nikapanda bajaji. Muuzaji atakuonyesha TV yake, mwambie asante, chomeka hapa.

Cha mwisho kabisa ni waya wenye pini tatu za AV kichwani na HDMI au VGA mkiani, bila kiboksi chochote katikati. Usinunue hata kwa Sh 2,000. Nilikuwa nao mmoja, niliuziwa Sh 8,000 kabla ya haya yote, na fundi wangu akaupasua kichwa kwa kisu mbele yangu. Ndani hamkuwa na kitu cha kubadilisha chochote: vinyuzi vya shaba vitatu, tone la gundi, na plastiki.